Benki achana nayo: jibu kwa muuza matairi wa Lubumbashi anayetaka MBA

Swali: «Yaya, mkubwa wangu, habari ya kazi? Nina miaka 28. Nilimaliza lisansi ya uchumi UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa asilimia 64. Huu ni mwaka wa tano niko delege wa mauzo kwenye depo ya matairi na mafuta ya injini hapa Lubumbashi. Wateja wangu ni wenye malori na wakandarasi wadogo wa migodi, kuanzia Kasumbalesa hadi Likasi na Kolwezi. Nasimamia wauzaji wanne, na mwaka 2025 nilipita lengo kwa asilimia 38. Nataka kufanya MBA, shahada ya uzamili ya biashara, kwenye shule kubwa: Harvard ya Marekani, INSEAD au HEC za Ufaransa. Kila ninayemwambia ananicheka, eti shule zile ni za watu wa benki, si za watu wa kuzunguka na fakture (ankara) mkononi. Je, niache mauzo niingie benki kwanza kwa miaka miwili? Na mambo ya matairi nitayaeleza vipi kwa mtu wa Boston, kule Harvard? Pesa zangu si nyingi.»

Mdogo wangu, benki achana nayo. Kama unaipenda kazi yenyewe, hilo ni jambo jingine. Lakini kwenda kukaa kwenye gishe miaka miwili ili CV ionekane imevaa tai ni kutupa muda. Utatuma maombi ukiwa na miaka 30, na uzoefu wako wa benki utakuwa wa mtu anayeanza, halafu utawekwa kwenye fungu moja na watu waliofanya kazi benki kubwa za London na Johannesburg tangu siku waliyotoka chuo. Hapo ndipo utakapokuwa mdogo kweli. Kwenye mauzo una miaka mitano, una watu wanne wanaokuita shefu, na unajua nani analipa na nani halipi kwenye barabara nzima ya Kolwezi.

Wanaokucheka wana kipande cha ukweli. Harvard Business School miaka hii hupokea maombi kati ya elfu nane na elfu kumi kwa nafasi 930 hivi, na mafungu makubwa ya wanaoingia hutoka kwenye kampuni za ushauri, za uwekezaji na za teknolojia. Watu wa mauzo ni wachache. Ila sioni kwamba shule zinawadharau. Wauzaji wengi hawaombi kabisa, na wanaoomba, kwa faili za maombi nilizozisoma mimi, huharibu kwa namna moja: wanauza. Kila insha ni tangazo. «Mimi ni mtu wa matokeo», «nina shauku», «nilivunja rekodi». Unajua mwenyewe mteja aliyezoea anavyomwona delege mpya anayesifu bidhaa kabla hajaulizwa anatafuta nini. Msomaji wa faili ni mteja aliyezoea kuliko wote uliowahi kukutana nao, maana kazi yake ni kusoma watu wanaojisifu, asubuhi mpaka jioni. Marafiki zako watakwambia «we ni muuzaji, jiuze tu». Mimi nakwambia kinyume: kwenye faili hili acha kuuza, eleza ulivyoamua.

Chukua hiyo asilimia 38. Wewe unaiona ni silaha yako kubwa. Mtu wa Boston akiisoma anajiuliza maswali ambayo hutakuwepo kuyajibu. Lengo lilikuwa la juu au la chini? Mshindani aliishiwa na stoki? Bei ya shaba ilipanda na kila mwenye lori akanunua? Namba ya mauzo peke yake haimwambii kama wewe ni mwerevu au ulikuwa na bahati. Kinachomwambia ni ule uamuzi uliokuwa nyuma yake: ulijua nini, hukujua nini, ulichagua nini, na ulikubali kupoteza nini.

Na uamuzi huo unao. Katika barua yako ndefu, ambayo hapo juu nimeikata, kuna mistari mitatu uliyoipitia haraka kama jambo la kawaida. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa madini ya kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, baadaye ikaongeza muda, mpaka Oktoba ulipoanza mfumo wa kugawia kila kampuni kiasi chake. Nchi yetu inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kwa hiyo uamuzi ule ulitikisa soko la dunia, na hapa kwetu ulitikisa mpaka anayeuza matairi. Unasema wiki ile uligawa wateja wako kwenye orodha mbili: wanaobeba kathodi za shaba, ambao malori yao yaliendelea kwenda mpakani, na wanaoishi kwa haidroksidi ya kobalti, ambao malori yao yangesimama. Ukamwomba patroni afute mkopo wa siku 30 kwa orodha ya pili, walipe wanapochukua mzigo. Patroni alisita. Wateja wawili wa zamani walikasirika wakahama, mmoja ni shemeji yako. Depo jirani, iliyoendelea kukopesha wote sawasawa, mpaka leo inafukuzia madeni.

Hii ndiyo insha yako, na asilimia 38 iwe sentensi moja tu mwishoni mwake. Ningependa isomeke hivi: «Malori ya wateja wangu yalibeba madini ya aina mbili. Serikali iliposimamisha aina moja, niliona kwamba wateja 19 kati ya 46 hawangeweza kutulipa ndani ya siku 30, hata wakitaka. Nilimwomba mwenye depo aondoe mkopo kwa hao 19 siku hiyo hiyo, kabla hawajaweka oda mpya. Alikuwa na hofu ya kupoteza wateja wa miaka kumi, na hofu yake ilikuwa ya haki, maana wawili waliondoka.» Hizo 19 na 46 nimeziweka kwa mfano tu, weka zako za kweli, kutoka kwenye daftari la depo. Angalia kwamba hakuna neno hata moja la kujisifu. Msomaji anaona mtu anayesoma habari ya siasa ya madini asubuhi na kuigeuza kuwa uamuzi wa mkopo jioni. Ndicho shule hizi zinachofundisha. Harvard mwanafunzi husoma visa kama mia tano vya makampuni katika miaka miwili, na kila kisa humwacha meneja mahali ulipokuwa wewe Februari ile, taarifa nusu na saa inakwenda.

Usiogope kwamba matairi ni kitu kidogo. Kinachomchosha msomaji ni jambo la kawaida lililoelezwa kijuujuu. Mweleze mambo ambayo kwako ni hewa unayovuta: kwamba unauza kwa dola kwenye nchi yenye faranga yake, kwamba hakuna ofisi ya kukuambia mteja huyu ana madeni wapi, kwa hiyo unauliza madereva wake kama mshahara umetoka, kwamba foleni ya malori Kasumbalesa ikirefuka, fedha za mteja wako zimekaa barabarani na deni lako limekaa nazo, kwamba kuanzia Novemba mvua inabadilisha tairi gani linauzika na lini. Mweleze kwa utulivu, bila kulia na bila kutisha. Kuna waombaji wanaoandika Kongo kama filamu ya vita kwa sababu wanadhani ndiyo inayotakiwa. Wewe unauza matairi Lubumbashi, watu wanalipa au hawalipi. Andika hilo.

Harvard tangu 2024 inauliza insha tatu fupi: moja ya namna uzoefu wako ulivyoathiri uchaguzi wako wa kazi, isiyozidi maneno 300, moja ya namna unavyowekeza kwa watu wengine na unavyoongoza, na moja ya udadisi na ulivyokua kutokana nao, hizi mbili zisizozidi maneno 250 kila moja. Kisa cha kobalti kinaingia vizuri kwenye ya kwanza. Kwa ya pili usilete tena mauzo yako, lete wale wanne. Nani alikuja hajui kusoma fakture na sasa ana wateja wake? Nani ulishindwa naye ukamwondoa, na ulimwambiaje? Wauzaji wengi huwa wakali sana kwenye sehemu ya kujiongoza wenyewe na hafifu kabisa kwenye sehemu ya kuongoza wengine, kwa sababu kamisheni ni ya mtu mmoja mmoja. Kama hujawahi kumwachia muuzaji wako mteja mnono ambaye ungeweza kumchukua mwenyewe, fanya hivyo mwaka huu, na usifanye kwa ajili ya insha tu.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Kwenye usaili utaulizwa, kwa maneno haya au mengine, kuhusu siku ambayo dhamiri na faida hazikwenda pamoja. Muuzaji yeyote wa Lushi, Lubumbashi yetu, ana kisa cha matabishi: ofisa manunuzi anayetaka chake kabla ya kusaini oda. Usikwepe, na usijifanye malaika. Mtu anayedai hajawahi kukutana na jambo hilo kwenye biashara ya mgodi haaminiki. Eleza ulichoambiwa, ulichojibu, oda iliyopotea kama ilipotea, na ulimwambia nini patroni. Usitaje jina la kampuni ya mteja. Na kama ulitoa, kisa hicho kiache nje ya faili, utafute kingine cha kweli. Kukipaka rangi kwenye usaili ni hatari, maana anayekuuliza amelisoma faili lako lote na atarudi nyuma kwa swali la tatu na la nne.

Sasa namba. Hapa ndipo muuzaji hushukiwa: anajua kuongea, je, anajua kupiga hesabu? Asilimia 64 yako isikupe aibu. Kwetu distinction huanza asilimia 70 na wanaoifikia ni wachache, lakini Mmarekani aliyezoea darasa ambalo kila mtu ana 90 anaweza kuona 64 akadhani uliponea chupuchupu. Usiigeuze mwenyewe kuwa alama za kimarekani. Iandike ilivyo, na kwenye nafasi ya maelezo ya ziada weka sentensi mbili za namna UNILU inavyotoa alama na ulikuwa wa ngapi kwenye promosheni yako, yaani darasa la mwaka wenu. Eleza pia kwamba lisansi yako ilikuwa ya miaka mitano, mitatu ya graduat na miwili juu yake, kama ulisoma mfumo wa zamani. Barua ya chuo inayothibitisha nafasi yako ina thamani kuliko maelezo yako, na wewe unajua kupata karatasi pale Kasapa, kwenye kampasi ya UNILU, kunachukua muda gani, kwa hiyo anza kesho. Relevé, yaani karatasi za alama zako, huenda zikahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza.

Halafu GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara. Mtihani wa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, kusoma na kufikiri kwa maneno, na kuchambua takwimu. Alama zinakwenda 205 hadi 805. Kwa shule ulizozitaja lenga 645 na kuendelea. Hiyo ni karibu sawa na 700 ya mtihani wa zamani ambayo watu bado wanaitaja, usichanganyikiwe. Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa kuna habari njema: maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza yaliondolewa. Yamebaki ya kusoma kifungu na ya kupima hoja, na hoja ni hoja kwa lugha yoyote. Jiometri nayo imeondoka. Shule hizi zinapokea pia GRE, mtihani mwingine wa namna hiyo, lakini sehemu yake ya maneno inataka msamiati mpana wa Kiingereza, na kwa mtu wa lisansi ya uchumi aliyesoma Kifaransa mimi hushauri GMAT karibu kila mara.

Sehemu ya hesabu haina kikokotoo. Wewe unayepiga asilimia ya punguzo kichwani mbele ya mteja una faida kuliko unavyodhani, lakini faida hiyo inaisha kwenye swali la saba kama hujarudia aljebra. Jipe miezi minne au mitano, saa moja na nusu kila asubuhi kabla ya depo, maana jioni baada ya barabara ya Likasi hutasoma kitu, tusidanganyane. Unaweza kufanyia mtihani kwenye mtandao ukiwa chumbani peke yako, ila umeme ukikatika katikati hilo ni tatizo lako. Tafuta ofisi yenye betri au jenereta na intaneti ya uhakika, ulipie siku nzima. Unaruhusiwa kurudia mpaka mara tano ndani ya miezi 12, na matokeo yanadumu miaka mitano. Weka jaribio la kwanza mapema ili la pili lisigongane na insha.

Ukiona hesabu bado inakutia shaka baada ya GMAT, kuna kozi ya mtandaoni ya Harvard iitwayo CORe: takwimu za biashara, uchumi wa meneja na uhasibu. Si ya bei rahisi, na haimpi mtu nafasi. Ninaitaja kwa sababu kwa muuzaji mwenye alama za chuo za kati inajibu swali ambalo msomaji hawezi kukuuliza. Ila ukipata alama nzuri sehemu ya hesabu, pesa hiyo iweke.

Kiingereza: umesoma UNILU kwa Kifaransa, kwa hiyo hutasamehewa mtihani wa lugha. HEC iko Ufaransa na INSEAD ina kampasi Fontainebleau na Singapore, lakini MBA zote mbili zinafundishwa kwa Kiingereza. Watu wetu wengi hugundua hilo wamechelewa. Shule kubwa nyingi zinataka alama 7 au 7.5 kati ya 9 kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza. Kiingereza cha madereva wa Zambia kimekupa masikio na ulimi, hakijakupa kalamu. Anza kumwandikia mtu ripoti ya mauzo ya wiki kwa Kiingereza, hata kama hakuna aliyekuagiza.

Mapendekezo ndipo watu wetu wanapoanguka kimya kimya. Utamwendea patroni naye atakwambia, kwa nia njema kabisa: «Andika mwenyewe, mimi nitasaini.» Kataa kwa heshima. Kwanza ni kinyume cha masharti unayoyasaini. Pili inaonekana: barua mbili zenye pumzi moja na insha zako ni rahisi kuzitambua. Fomu ambayo shule nyingi hutumia inamuuliza bosi swali gumu: ni sahihisho gani kubwa ulilowahi kumpa mtu huyu, na alilipokeaje? Patroni asiyeandaliwa ataandika «hana kasoro, kijana mzuri, anamwogopa Mungu», na barua hiyo haikusaidii chochote. Kaa naye saa moja. Mkumbushe siku ya kobalti, mkumbushe siku aliyokukemea kwa kutoa punguzo bila ruhusa, mwache achague mwenyewe. Kama Kiingereza hakijui, aandike Kifaransa na mtu mwingine, asiwe wewe, afasiri.

Na kama ukimwambia patroni kwamba unataka kuondoka atakutoa kazini? Kwa kampuni za familia hofu hiyo si ya kubuni. Basi barua moja itoke kwa shefu wako wa zamani, nyingine kwa mwakilishi wa kiwanda kinachowauzia matairi, mtu aliyekuona ukijadili bei na kutimiza ahadi. Kwenye nafasi ya ziada eleza kwa sentensi moja kwa nini bosi wa sasa hayumo. Wanaelewa, hata huko Ulaya watu wanafukuzwa kwa sababu hiyo.

Utaulizwa unakwenda wapi. Usiandike kwamba utaijenga upya Kongo. Una lengo linalokaa mikononi: tangu sheria ya Februari 2017 ya ukandarasi mdogo, kazi za ukandarasi kwenye sekta binafsi zimehifadhiwa kwa kampuni zenye mtaji ambao sehemu kubwa ni ya Wakongomani. Watu wengi wamepata karatasi za kampuni. Wachache wana mfumo wa stoki, wa mikopo na wa watu unaoweza kuhudumia mgodi mkubwa mwaka mzima. Ukisema unataka kujenga kampuni ya usambazaji ya namna hiyo, na kwamba kinachokupungukia ni elimu ya fedha za kampuni, ya uendeshaji, na ya kuongoza zaidi ya watu wanne, hapo kila kitu ulichofanya miaka mitano kinapata maana. Kama kweli unataka kuwa mshauri kwenye kampuni kubwa, sema hivyo pia, ni lengo halali. Lisiwe tu la kuazima kwa sababu umelisikia ndilo linalopendwa.

Kuhusu shule zenyewe nitakuwa na upendeleo. Kwa mtu wa miaka 28 atakayeingia na 29 au 30, INSEAD inakufaa kwa umri; wanafunzi wake wana wastani wa miaka 29 hivi, na ni wa nchi nyingi sana. Inachukua miezi kumi. Ukitaka kubadilisha kazi kabisa, angalia kundi la Januari, maana lina nafasi ya kufanya mafunzo ya kazi katikati. HEC ni miezi 16. Harvard na Stanford ni miaka miwili, na kiangazi kilicho katikati ndicho kinachowasaidia wanaobadilisha njia. Ongeza pia Cape Town, shule ya biashara ya chuo kikuu cha UCT: ina ithibati tatu kubwa za kimataifa, na mtandao wake wa watu uko kwenye makampuni yanayouza na kununua huku kwetu. Kwa mtu anayetaka kurudi kusambaza bidhaa Katanga, hiyo si zawadi ya kufuta machozi. Tuma kwa shule nne au tano, usitume kumi. Insha ya kumi huwa takataka.

Pesa. Ada ya Harvard peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka, na maisha ya Boston yanaongeza makumi ya maelfu juu yake. INSEAD ada iko kwenye euro 100,000. Usifunge ukurasa bado. Harvard haitoi msaada kwa alama, inatoa kwa uhitaji, inaangalia kipato chako cha miaka iliyopita na mali uliyonayo, na tangu 2022 takriban asilimia kumi ya wanafunzi, wale wenye uhitaji mkubwa kuliko wengine, hupewa ada yote. Mshahara wa depo ya Lubumbashi, ukiwekwa karibu na wa mtu wa benki ya New York, hapo unageuka kuwa faida yako. Weka slipu na karatasi za benki kuanzia sasa. Kama unalipwa taslimu, omba patroni akuandikie kila mwezi. Omba pia kusamehewa ada ya maombi, ambayo kwa Harvard ni kama dola 250, na omba kabla hujatuma faili. Kwa Uingereza kuna ufadhili wa Chevening, unaotaka saa 2,800 za kazi, ambazo unazo, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Ila kwa MBA wana kikomo cha ada, kwa hiyo hesabu nani atajaza pengo kabla ya kuchagua chuo. Mikopo ya wanafunzi wa kimataifa isiyotaka mdhamini ipo, lakini uliza kwanza kama inapokea pasipoti ya Kongo. Wengi huuliza swali hilo baada ya kukubaliwa, na inakuwa kilio.

Kalenda. Shule za Marekani huwa na raundi ya kwanza Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari. INSEAD ina tarehe zake mwaka mzima, tazama za kundi unalolitaka. GMAT yako iwe imeisha Juni, Kiingereza Julai, patroni umemwona kabla ya Agosti, insha Agosti yote. Ikifika katikati ya Agosti na alama za GMAT hazijafika unapotaka, usilazimishe Septemba; nenda Januari ukiwa na faili lililokamilika. Raundi ya baada ya hapo usiiguse, nafasi na pesa za msaada zinakuwa zimepungua, na viza ya Marekani itakulazimu kupanda ndege kwenda Kinshasa kwa usaili wa ubalozi, na tarehe zake huzipangi wewe. Pasipoti iangalie leo kama ina muda wa kutosha.

Ukishaandika kile kisa cha kobalti kwa maneno 300, nitumie. Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza, vyovyote. Namba za daftari tu ziwe za kweli.